Manowari Iliyozama Mbele ya Kianjai

Ndugu yangu Hezekiah Nyaga hajawahi kuiona bahari. Naliweka hilo mbele kwa sababu kila anayesikia habari zake huliuliza kwanza, na wengine huuliza wakiwa tayari wameanza kucheka. Hajaiona. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kusimama mbele yake ni ya bwawa la umeme kule chini Mbeere, na alirudi akisema maji yale yamelala tu, hayana kazi. Hata hivyo ameunda manowari nyingi, za chuma, zenye mizinga na dohani za kutoa moshi, na zote ziko kwake Runyenjes, zimekunjwa kama mikeka na kusimamishwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, mahali ambapo watu wengine huweka majembe.

Mimi ni dada yake mkubwa, Nelius. Nilimbeba mgongoni nikiwa bado mdogo wa kubebwa mwenyewe, nikamfundisha kuandika jina lake kwa kijiti kwenye vumbi kabla hajaingia shule. Nilimaliza darasa la saba, na nilipita, wakati ambapo wasichana wa kijiji chetu waliofika huko walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kwa hivyo nikiandika juu ya Hezekiah siandiki mambo ya kuambiwa.

Alifanya kazi ya kuchochea boila katika kiwanda cha chai tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Chai haikaushwi na jua, ingawa watu wengi wanaoinywa hawajui. Hukaushwa kwa joto la mvuke, na mvuke hutoka kwenye boila, na boila hula kuni bila kushiba. Hezekiah ndiye aliyekuwa akiilisha. Alijua kwa sikio kama moto umezidi au umepungua. Nikimpelekea chakula nilikuwa nikimkuta ameegemea koleo, amefumba macho, anasikiliza kama mtu aliye kanisani.

Ubavuni mwa boila ile kulikuwa na kibati cha shaba, kimechorwa meli ndogo. Siku moja akamuuliza fundi mkuu, "Meli na chai zimekutana wapi?" Fundi akamweleza kwamba watu waliounda boila ile, babu zao waliunda boila za manowari, miaka ile kabla ya vita vikuu vya kwanza, meli zilipokuwa zikisukumwa na makaa na mvuke. Boila kama hii hii, akasema, ila nyingi, zimepangwa ndani ya tumbo la chuma, na mbele ya kila moja amesimama mtu mwenye koleo kama wewe.

Basi. Neno hilo lilimshika kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, na mpaka leo halijamwachilia. Alitafuta kitabu kwa wale wanaotandaza vitabu vikuukuu chini pale Embu, akapata kimoja kikubwa cha picha za manowari za zamani, hakina jalada, kimeliwa na mchwa pembeni. Akakisoma mpaka akakichoka. Kisha akaanza kuunda za kwake.

Hapa nieleze vizuri, maana watu hudhani anachora picha tu. Hachori meli iliyowahi kuwako. Anabuni ambayo haikuwako lakini ingeweza kuwako, tuseme mwaka wa 1907, kama kungekuwa na watu wa kuiunda. Na ana sharti lake. Kisiingie humo kitu ambacho mwaka ule kilikuwa hakijavumbuliwa. Mjukuu wake Maxine alimwambia siku moja, "Guka, si uweke rada," naye Hezekiah akamtazama kama aliyetukana kwenye ibada. Halafu kuna uzito. Ukizidisha unene wa chuma cha ubavuni, meli inakuwa nzito na inataka boila zaidi. Boila zinataka makaa, makaa yanataka nafasi, nafasi inarefusha meli, na meli ndefu inataka chuma zaidi ubavuni.

"Ni kama kumpakia punda, dada," aliniambia. "Mwisho unagundua mzigo wote ni nyasi zake mwenyewe."

Karatasi alipata kiwandani. Chai hupakiwa kwenye mifuko ya karatasi ngumu, na ule uliopasuka hutupwa. Yeye aliomba apewe, akaufungua, akaupiga pasi ya makaa mpaka ukanyooka. Ndiyo maana mpaka leo ukikunjua manowari ya Hezekiah unasikia harufu ya chai.

Na meli inataka nchi. Hakuzipeleka Ulaya. Aliuchukua mlima wetu akauzungushia bahari. Mbeere yote ikafunikwa na maji, Wambeere wanisamehe. Embu ikawa na kiwanda cha kuundia meli. Upande wa pili, kule Meru, bahari ikapanda kutoka nyika ya Isiolo, ikaja mpaka Kianjai, na Kianjai ikawa bandari. Nilimuuliza nchi hiyo inapigana na nani.

"Na wale waliotaka kuja," akasema, akaendelea kunoa penseli.

Runyenjes walimwita Admirali. Vijana wa boda boda wakimwona anatoka dukani walimpigia saluti. Hakukasirika, aliwarudishia. Lakini mtu anaweza kurudisha saluti na bado akaumia, na mimi namjua. Hata mke wake Marcella, mwanamke mwema ambaye siwezi kumsema vibaya, alikuwa akiwaambia wageni, "Wanaume wengine wakistaafu hufuga nguruwe. Wangu anafuga mizinga." Wageni wakicheka, Hezekiah naye alicheka, kisha akaenda nje kuangalia kitu ambacho hakikuhitaji kuangaliwa.

Sasa kuna jambo la majina. Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu jina ni tamu. Binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama, ili wazee wasipotee. Hezekiah na Marcella walipata binti mmoja tu, Mukami, jina la mama yetu, halafu Mungu akafunga mlango. Kwa hivyo mama yake Marcella, Gatakaa wa Kianjai, hakupata wajina katika nyumba ile. Yeye ni mama wa kanisa na hakuwahi kusema neno. Lakini jambo ambalo halisemwi kwa miaka yote hiyo mnalijua nyote, na linakaa nanyi mezani.

Hezekiah alipomaliza meli yake kubwa kuliko zote, aliandika jina mbele yake kwa herufi kubwa: GATAKAA. Aliliandika, lakini kulitamka hangeweza, kwa sababu mwanamume halitaji jina la mama mkwe wake. Akawa anaiita "ile ya Kianjai." Marcella alipolisoma alikaa kitandani. Nilidhani atakasirika. Alisema tu, "Mama ataambiwa."

Tukaipeleka Kianjai. Nilienda nao kwa sababu nilikuwepo siku tulipoenda kumposa Marcella, na jambo kama hilo halifanywi bila wale waliokuwepo. Tulimkuta Gatakaa nje ya jiko lake. Wakati huo tayari alikuwa bibi wa miaka mingi, mwembamba, macho bado makali. Tukaitandaza karatasi juu ya mkeka, nikamweleza kwamba huyu ndiye wajina wake, amechelewa lakini amefika. Aliizunguka yote kwa fimbo yake.

"Ni mnene," akasema. "Mimi sikuwahi kuwa mnene hivi."

"Ni chuma cha kuzuia risasi, mama," Hezekiah akajibu kutoka mbali, maana mkwe hakai karibu.

"Na hizi?"

"Mizinga."

"Ni mizuri. Na wanapikia wapi?"

Hezekiah alikuwa hajachora jiko. Alikuwa amehesabu makaa, maji na baruti, na mabaharia wote aliwaweka humo bila sufuria moja. Tulicheka mpaka Marcella akajifuta machozi. Gatakaa hakucheka sana. Mtoto mwenye jina lako huletewa kitu, kwa hivyo wakati wa kuondoka alitupa kuku jike na kibuyu cha uji, akasema ni vya wajina wake. Uji tuliunywa. Kuku yule alifugwa Runyenjes akaitwa kuku wa manowari, na hakuna aliyethubutu kumchinja.

Kuanzia siku hiyo, kila Marcella akimpigia mama yake simu, baada ya salamu na habari za ng'ombe, mzee aliuliza, "Na wajina wangu yuko wapi leo?" Mwanzoni Marcella alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Ikabidi amuulize mumewe, naye Hezekiah akaanza kufikiria kweli meli iko wapi. Ameenda kuzunguka mlima. Yuko gatini Embu, anapakwa rangi. Ameenda kuwatisha watu walioonekana upande wa kusini. "Baharini kuna baridi," mzee alikuwa akisema. "Mwambieni ajifunike." Hapo ndipo Hezekiah alipoanza kuandika maisha ya kila meli chini ya mchoro wake: lini ilishushwa majini, ilipigana wapi, ilirekebishwa nini. Kwa miaka yote aliyochora, hakuna mtu aliyewahi kuziulizia meli zake zinaendeleaje. Aliuliza mama huyu mmoja tu.

Lakini kitu chenye maisha kina mwisho, na kosa lilitokea hapo.

Tulikuwa tunachuma chai shambani kwake aliponiambia. "Dada, manowari za miaka ile hazikubaki. Ambazo hazikuzamishwa zilikatwakatwa zikauzwa vyuma kuukuu."

"Si uiache tu ikae?"

"Niiache bila mwisho? Huko ni kumwacha mtu barabarani usijue kama alifika." Akachuma kidogo. "Nami siwezi kuikata vyuma kuukuu. Yenye jina lile? Itengenezwe sufuria na majembe, watu walimie? Ni aibu."

Kwa hivyo aliipa kifo cha heshima. Akaandika chini kabisa, kwa mwandiko wake mzuri: *Ilizama mwaka wa 1916, asubuhi yenye ukungu, ikilinda bandari ya Kianjai. Hakuna aliyeokoka.* Akachagua Kianjai ili, alivyosema, ifie nyumbani. Kila neno aliliweka kwa adabu. Kisha akaikunja akairudisha nyuma ya mlango. Mzee alipouliza tena kwa simu wajina wake yuko wapi, Hezekiah alimnong'oneza Marcella, "Mwambie yuko karibu na kwake." Mzee akafurahi sana.

Maxine anakaa mtaa wa Majimbo pale Embu mjini na anafanya kazi ofisini. Alikuja Pasaka kuwaona guka na cucu wake, yaani babu na nyanya, akazitoa meli zote nyuma ya mlango akazipiga picha kwa simu. Alikuwa na nia njema. Alizipenda, akataka ukoo mzima uzione. Akaziweka kwenye grupu ya familia ya WhatsApp, picha pamoja na maandishi yake, akaandika, "Guka wangu ni genius."

Kule Kianjai, Bundi, kaka yake Marcella, humsomea mama yao kila kitu kinachoingia kwenye grupu hiyo, hata matangazo ya mazishi ya watu wasiowajua. Akasoma ya Gatakaa. Alisoma kwa sauti, kwa fahari, mwaka baada ya mwaka, na alipofahamu anachosoma alikuwa tayari ameshakifikia kituo cha mwisho.

Bundi ndiye aliyepiga simu. Marcella aliiweka sauti ya juu ili tusikie sote.

"Mama amekataa chakula," akasema. "Anasema mwanamume yule asikanyage hapa. Hata yeye akifa, asije kumtupia udongo."

Hezekiah alikuwa amesimama na kikombe. Akakiweka chini polepole.

Sitaki kusema watu wa Runyenjes ni wabaya, lakini habari ilifika sokoni kabla ya jua kuzama. "Admirali amemzamisha mama mkwe!" Vijana wa boda boda hawakupiga tena saluti. Walishika pua kama watu wanaozama. Wakubwa walilitazama kwa njia nyingine. Walisema kumwandikia mtu aliye hai kifo chake, tena mtu wa umri ule, ni kumwita kaburini, na mzee akifa sasa tutajua ni nani. Hata mimi nilidhani hilo ndilo lililomuudhi Gatakaa. Marcella alidhani hivyo. Hezekiah alidhani hivyo zaidi yetu sote. Aliacha kuchora. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba, mikono juu ya magoti, na mikono ile sijawahi kuiona imekaa bure.

"Nilikuwa na mtu mmoja," akaniambia. "Mmoja tu, dada, na nimemwandikia afe."

Nikamwambia ainuke. Nikamkumbusha kwamba jina kwetu halipotei mtu anapoondoka, linashuka kwa mwingine. "Unda mwingine," nikasema. "Mpe jina. Halafu tutaenda."

Akaunda. Gatakaa wa pili, mwenye mwendo zaidi, dohani tatu. Alifanya kazi ile kama mtu anayepiga magoti. Ilipokwisha aliikunja pamoja na ile ya kwanza ndani yake, tukaenda Kianjai kwa gari la Maxine, ambaye njia nzima alilia akisema kosa ni lake, tukimwambia si lake.

Hezekiah alibaki langoni, karibu na zizi, kwa sababu alikuwa amekatazwa kukanyaga. Niliingia mimi kwanza, nyuma yangu Marcella. Mzee alikuwa amekaa anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Bundi alituletea viti, akasimama pembeni kama mtu anayengoja mvua ya mawe.

"Mama," nikasema, "wajina wako amekufa, nasi tumekuletea mwingine. Amezaliwa juzi." Nikaitandaza meli mpya mbele yake.

Hakuitazama. "Nileteeni yule aliyekufa."

Nikaitoa ya zamani, nikaitandaza juu ya ile. Akaweka ungo chini.

"Aliyeandika yuko wapi?"

"Langoni."

"Aje."

Hezekiah akaja, kofia mkononi, akasimama mbali.

"Baba Mukami," mzee akasema, "hapa umeandika hakuna aliyeokoka. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Ilizama wapi?"

"Mbele ya bandari. Ya hapa."

"Mbali?"

"Si mbali. Mtu akisimama pale sokoni angeiona."

"Angeiona." Akatikisa kichwa. "Na watu wa Kianjai walikuwa wapi?"

Hezekiah alitutazama. Hakuelewa, na sisi hatukuelewa.

"Nakuuliza! Meli ina jina langu, inazama mbele ya mlango wangu, watoto wa watu wanaita majini, na Kianjai nzima imesimama sokoni inatazama? Mpaka wanaisha wote? Hakuna aliyeinua mguu? Wewe umekula hapa. Umelala hapa. Ndivyo unavyotujua?"

Ng'ombe alikohoa zizini.

"Mama, tulidhani ni kwa sababu ya..." Marcella akaanza.

"Ya kufa? Nitakufa, kwani nimekuwa jiwe? Ningekuwa naogopa kufa ningeanza zamani." Akamgeukia Hezekiah tena, na sasa sauti ilishuka. "Jina hili si langu peke yangu. Ni la nyanya yangu, mama yake baba. Alikuwa na kijana, Kiunga, kaka mkubwa wa baba. Mwaka huo ulioandika hapo walikuja wakamchukua aende kuwabebea Wazungu mizigo vitani. Hakurudi. Hakuna aliyekuja kusema amelala wapi, wala kama alikuwa na mtu karibu. Nyanya aliweka chakula chake kando mpaka akafa yeye. Mimi nilikikuta chakula hicho, nikiwa mdogo. Nilikatazwa kukigusa." Akaigonga karatasi. "Halafu wewe unaandika watu wengi kama Kiunga, kwa jina la mama yake, na unasema hakuna."

Hezekiah alikuwa ameinama. Mzee akaendelea kuipapasa karatasi kwa kidole, kama alivyofanya na maharagwe, akafika katikati ya meli.

"Na hivi vidogo ni nini?"

"Mashua, mama."

"Za nini?"

"Za kuokolea watu."

"Nani alizichora?"

"Mimi."

"Sasa mbona hazikushushwa?"

Namjua ndugu yangu. Ukimuuliza unene wa chuma atakujibu, ukimuuliza makaa atakujibu. Hilo hakuwahi kulihesabu. Mashua alizichora kwa sababu kwenye kitabu zilikuwepo.

"Ilikwisha kuandikwa, mama," akasema mwishowe. "Nikiandika jambo la meli silifuti. Nikianza kufuta, basi yote yatakuwa uwongo."

"Uwongo!" Mzee akatutazama sote, mmoja mmoja. "Mtu ameleta bahari mpaka Kianjai, ambapo maji tunayachota kwa punda, halafu anaogopa uwongo!"

Marcella ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuzuia kwa leso, ikashindikana, Bundi naye akashikwa, na Maxine kule langoni akacheka bila hata kujua tunacheka nini. Hezekiah alicheka mwisho. Sauti yake ilitoka kama mvuke unapofunguliwa.

"Meli imezama, mama," akasema alipotulia. "Hilo siwezi kulitoa. Ilipigwa chini ya maji, haingeweza kuelea."

"Meli ni chuma. Mimi sikuulizi chuma."

Akakaa chini kwenye mkeka, karibu kuliko mkwe anavyopaswa kukaa, na hakuna aliyemkanya. Akatoa penseli. Akapiga mstari mmoja juu ya *Hakuna aliyeokoka*, akaandika taratibu, akitusomea. "Meli..." akakwama kwenye jina, nikalitaja mimi kwa niaba yake, "...ilipoanza kulala upande, mashua zote zilishushwa. Watu wa Kianjai walisikia, wakatoka na mashua zao ndani ya ukungu."

"Wote," akasema mzee. "Wanawake pia."

"Wanawake pia. Wakawaleta watu nchi kavu, wakawapa uji."

"Moto."

"Uji moto."

Mzee akauangalia mkono unaoandika. "Kiunga alikuwemo," akasema. "Mwandike."

Hezekiah akainua macho. "Kila mtu melini ana kazi yake, mama. Yeye nimpe gani? Alikuwa mbeba mizigo."

"Amebeba ya kutosha."

Hezekiah akafikiri. Kisha akasema, kwa aibu kidogo, "Basi nimpe yangu. Achochee boila. Lakini wachochezi wako chini kabisa. Wao ndio hutoka mwisho."

"Atoke mwisho," akasema Gatakaa. "Tutangoja."

Akaandika. Niliyaona maneno yale kwa macho yangu na yako pale mpaka leo: *Wa mwisho kutoka alikuwa Kiunga, mchochea boila. Alikuta nyumbani chakula chake kimewekwa.* Marcella aliingia jikoni kwa haraka na hakutoka mpaka alipokuwa na sahani mkononi. Mzee aliipokea, akala kidogo, kisha akala tena, na Bundi akaenda zizini kusimama na ng'ombe.

Meli ya zamani, mzee alisema itabaki Kianjai, kwa kuwa ndipo ilipolala. Sasa iko ukutani sebuleni, kati ya picha ya harusi ya Bundi na kalenda ya kanisa. Ndipo akataka kuonyeshwa huyo mtoto mpya. Tukamtandazia vizuri, akamzunguka na fimbo yake kama alivyomzunguka wa kwanza.

"Jiko?"

Hezekiah alikuwa tayari. Akamwonyesha kati ya dohani ya kwanza na ya pili, chumba kidogo, na ndani yake sufuria aliyoichora kwa uangalifu kuliko mizinga.

"Ni dogo," akasema mzee. "Watu wote wale waliotoka majini watakula nini hapo?"

Hezekiah akatoa rula, akapima, akahesabu kwa midomo bila sauti. "Nikilipanua, mama, uzito utazidi. Itabidi niondoe mzinga mmoja."

"Ondoa," akasema Gatakaa.